Keki ya Wazazi kwenye Basi la Betri

Wenzangu wa kwaya, picha mmeiona wote. Baba Kulwa amevaa suti yake ya kijivu, mimi nimevaa kitenge cha sare, tumeshika sinia huku na huku, na juu ya sinia hamna kitu. Tangu picha hiyo iingie kwenye simu zenu sijapata amani. Mmoja ananiuliza kama keki iliibwa, mwingine anauliza kama tumegombana na wakwe, na Mama Neema, Mungu amsamehe, ameuliza kama niliila mwenyewe njiani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Hii hapa safari yote, tangu Shinyanga mpaka Geita. Habari za kukata tiketi naziruka, hazina utamu.

Kutoka Kambarage

Mnajua mimi ndiye niliyeoka keki za harusi za nusu ya mabinti wa mtaa wetu wa Kambarage. Basi Doto wangu alipopata mchumba Geita, nikasema keki yake haitanunuliwa kwa mtu. Nikaoka tatu: ile kubwa ya maharusi, moja ya wazazi wa bwana harusi, na moja ya wazazi wa bibi harusi, yaani sisi. Utaratibu wenyewe mnaujua. Maharusi wanapiga magoti, wanainua keki, wazazi wanapokea, ukumbi mzima unapiga vigelegele, na wakwe wanakutazama kuanzia kilemba hadi viatu. Kwa miaka yote nimewaokea wazazi wengine keki hiyo. Yangu sijawahi kuipokea, maana Kulwa, pacha wake Doto, bado anatuambia tusubiri.

Baba Kulwa na ndugu walitangulia Ijumaa na basi la kawaida. Mimi nikabaki kumalizia krimu, maana krimu ya siagi ukiiwahisha inakuaibisha. Nikaamua kusafiri Jumamosi asubuhi na lile basi jipya la umeme. Siyo kwamba mimi ni mtu wa mambo mapya. Kuna keki niliwahi kuipeleka Mwanza na basi la dizeli, injini ikaitetemesha njia nzima, na ilipofika krimu ilikuwa imepasuka kama kisigino changu wakati wa kiangazi. Nikaambiwa basi la betri halitetemeki na kiyoyozi chake ni kikali. Mimi nilihitaji hayo mawili tu.

Baba Kulwa, kabla hajaondoka, alicheka mpaka akashika mlango. "Betri za redio zikiisha tunazianika juani," akasema. "Hilo basi mtalianika wapi?"

Nikamwambia akatafute mahali pa kusimama anisubiri, na akiona basi limefika, afunge mdomo abebe keki.

Shinyanga hadi Kahama

Dereva alikuwa anaitwa Masanja, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyeendesha mabasi ya dizeli tangu ujana wake. Keki zangu tulizipanga kwenye viti viwili nyuma yake, kila moja kwenye boksi lake, tukazifunga kwa khanga. Mimi nikakaa upande wa pili. Niliona mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu kila tulipopanda kilima, unatafuta klachi ambayo haipo. Nilipomtania, akasema hata kitandani unakanyaga, mke wake ameshalalamika.

Jamani, ukimya! Basi liliondoka stendi bila mimi kujua. Nilidhani nyumba ndizo zinazorudi nyuma. Na ukimya huo una hasara zake. Kwenye basi la kawaida unasema uongo wako kwenye simu na injini inakufunika. Tulipofika Tinde, kijana mmoja anayeitwa Deo, dereva wa lori la mgodini, alikuwa anamwambia bosi wake kwenye simu, "Bosi, mimi hapa nimeshafika Geita, natafuta bodaboda tu." Basi zima likamsikia. Rehema, dada mhudumu wa basi, akasimama akatangaza, "Abiria, karibuni Geita!" Tulicheka mpaka Deo mwenyewe akacheka, na bosi kwenye simu akauliza huko Geita kuna sherehe gani.

Mbele kidogo ng'ombe wakatufungia njia. Walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka, maana wamezoea kusikia gari kutoka mbali. Masanja akapiga honi, wakaruka kila mmoja na njia yake. Mchungaji akaja dirishani amekasirika. "Gari gani hii inanyata kama fisi?" akauliza. Masanja akamwomba radhi kwa Kisukuma, na yule bwana akaondoka akiwaambia ng'ombe wake maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nyahanga

Kahama ndipo basi linapochajiwa, kwenye yadi moja pale Nyahanga. Masanja alisema tutakunywa chai, na tukimaliza, basi nalo litakuwa limeshiba. Akachomeka waya mnene kama mkono wangu. Sisi tukapata chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, na mimi nilikuwa nimeongeza sahani ya pili pale umeme ulipokatika mji mzima.

Hakuna aliyekasirika mwanzoni. Baadaye jua likapanda. Mimi nilikuwa naingia na kutoka kuzitazama keki zangu, nikimuuliza Masanja kama kiyoyozi bado kinafanya kazi. Sherehe ilikuwa jioni, na mwanangu alikuwa ananipigia simu kila baada ya muda kuuliza nimefika wapi, kwa sauti ile ya bibi harusi aliyekaribia kulia. Nikamwambia nimekaribia. Nilishuka kwanza, niseme uongo wangu mbali na basi.

Deo na Masanja walikaa kwenye kivuli wakibishana. Deo alisema ameonyeshwa kwenye simu malori makubwa ya mgodini huko nje, yanabeba mawe na hayana tone la dizeli, na kwamba mgodini kwao watu wanasema yatakuja.

"Yakija, sisi tunaosikia ugonjwa wa injini kwa sikio tutakula wapi?" akauliza.

"Utaendesha hayo hayo," Masanja akamjibu. "Mimi nimejifunza na uzee huu. Kitu kimoja tu kinanipa shida. Gari likiwa halingurumi, nahisi abiria hawanioni kama dereva."

Umeme uliporudi tulishangilia kama mpira umeingia golini, lakini hatukuweza kusubiri basi lijae. Masanja akatazama kioo chake cha chaji, akanitazama mimi, akatazama maboksi. "Tutafika Geita na kiyoyozi, mama," akasema. "Ila tusipoteze chaji hata kidogo."

Masumbwe

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna wa kulaumiwa zaidi ya mazoea.

Jirani yangu tangu Kahama alikuwa Mzee Luhende, mfugaji mwenye kofia ya pama na fimbo nzuri iliyochongwa, anayekwenda Geita kumwona mjukuu aliyezaliwa. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama, kwa unyenyekevu mpaka nikaona haya. Tuliposimama Masumbwe kupata chakula alivua koti, akaliacha kitini na simu na fimbo juu yake, akaniambia anakwenda kula ugali na maziwa mgando. Nikamwambia asichelewe. Akacheka. "Mimi sijawahi kuachwa na basi," akasema. "Nakaa, nakula, nasikiliza. Dereva akianza kukanyaga mafuta, namalizia tonge la mwisho."

Na ndivyo tunavyosafiri wote, tusidanganyane. Nani huku kwetu anainuka mezani kabla basi halijanguruma? Dereva anaunguruma, anasogea mbele, anarudi nyuma, anaunguruma tena, na sisi tunajua bado kuna nafasi ya kunawa mikono.

Rehema akauliza, "Wote mmo?" Abiria wakajibu, "Wote, twende!" kama wanavyojibu siku zote bila kugeuza shingo. Mimi nilikuwa nimeinama nakaza khanga kwenye boksi la keki kubwa. Tukaondoka, kimya.

Tulikuwa tunakaribia Ushirombo nilipogeuka kumwambia Mzee Luhende kitu, nikakuta naongea na koti.

Wenzangu, nitawaambia ukweli wa moyo wangu. Kabla sijafungua mdomo nililiona lile jambo lote. Kurudi Masumbwe na kuja tena ni chaji. Chaji ikipungua, kiyoyozi kinazimwa. Kiyoyozi kikizimwa, krimu ya siagi na jua la saa nane si marafiki. Lakini simu yake ilikuwa pale kitini, na pesa zake kwenye mfuko wa koti, na yeye yuko Masumbwe na tonge mkononi, anasikiliza. Nikapiga kelele, "Masanja, tumemwacha mzee!"

Masanja alisimamisha basi, akakitazama kioo chake kwa muda. Kisha akageuza bila kumuuliza mtu.

Tulimkuta mahali pale pale, amekaa ameupa mgongo uwanja wa mabasi, sahani imekwisha zamani. Rehema alipomgusa bega alisema, "Mbona mapema? Hata halijanguruma." Alipoelewa, aliingia kwenye basi ameshika kofia kifuani, anamshukuru kila abiria, "Wabeja, wabeja sana," kiti hadi kiti. Masanja naye alikuwa ameinamia usukani. "Miaka yote hii sijawahi kuhesabu abiria," alisema. "Nilikuwa nakanyaga mafuta, wanakuja wenyewe wanakimbia."

Kuelekea Katoro

Kiyoyozi kilizimwa baada ya Runzewe. Masanja aliniomba radhi kwa macho kwenye kioo, nami nikamwitikia kwa kichwa.

Vidirisha vya basi lile ni vidogo, na upepo uliokuwa unaingia ulikuwa wa moto. Nilifunua boksi la kwanza nikaona ua moja la krimu limeanza kuinama. Mzee Luhende alinitazama, akauliza ndani kuna nini. Nikamweleza. Akavua kofia yake ya pama na kuanza kuipepea keki ya Doto taratibu, kama mtu anayepepea mtoto mwenye homa.

Rehema akaja na jalada la karatasi. Deo akavua fulana ya juu. Dada mmoja wa viti vya nyuma akatoa khanga mbichi aliyoilowesha kwa maji ya chupa, akaitandaza dirishani upepo upite humo. Kufika Bwanga, kulikuwa na zamu. Abiria walikuwa wanagombea kupepea keki, na wanaoshuka njiani wanasema, "Mama, utufikishie salamu kwa maharusi." Huzuni yangu ilinitoka yenyewe. Ningekuwa kwenye basi la kawaida tusingesikiana hata majina.

Kwenye karasha

Tulipoingia Katoro basi lilikuwa linatambaa. Masanja alisema Geita hatufiki, labda tulisukume. Deo ndiye aliyejua pa kwenda. Pembeni ya mji kuna karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na inatumia umeme mkubwa wa njia tatu. Masanja alikuwa na chaja yake ya akiba kwenye buti. Tukajikokota hadi pale.

Mwenye karasha alikuwa Mama Minza, mwanamke mrefu aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Vijana wake waliona basi limeingia bila sauti, likafunguka, na watu wakashuka wamebeba maboksi matatu huku wengine wakiyapepea na mzee akiongoza msafara na fimbo. Wakaacha kazi.

"Hiyo ni dhahabu?" mmoja akauliza.

"Dhahabu gani inapepewa, wewe!" Mama Minza akamjibu, lakini naye alisogea.

Tuliyaweka maboksi kwenye kibanda chake chenye feni, nikamweleza shida yetu. Akasema mashine na basi haviwezi kula umeme kwa pamoja, kwa hiyo itabidi azime karasha. Masanja akatoa pochi. Mama Minza akamsukuma mkono. "Hela ya nini, kwani harusi ni yako?" akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Sikia, mama. Vijana wangu Jumamosi zote wako hapa. Harusi wanazisikia kwenye spika tu, mbali huko. Mimi nawazimia mashine. Wewe waonjeshe keki ya harusi."

Nilitazama maboksi. Ile kubwa haiguswi. Ya wazazi wa Joshua, mkwe wangu, haiguswi kabisa, ningeuweka wapi uso wangu? Ilibaki yetu. Nilisimama pale nikafikiria sinia tupu mbele ya wakwe, na Baba Kulwa ambaye alikuwa ameniagiza nisisahau zabibu kwenye keki yake. Nikaomba kisu.

Karasha ilinyamaza, basi likaanza kunywa umeme, na vijana wakakaa kwenye mifuko ya mawe wakila kwa vidole vyeupe. Mmoja alimaliza kipande chake, akanijia na kuniuliza jina la bibi harusi. Nikamwambia Doto. Akawageukia wenzake, akasema, "Semeni hongera Doto," nao wakasema kwa sauti moja, keki imewajaa mdomoni. Nilifurahi, nawaambia. Nilifurahi kweli.

Wakati wa kuondoka ulipofika, abiria walikuwa wametawanyika dukani na kwenye mihogo ya kukaanga. Deo akasimama mlangoni mwa basi, akavuta pumzi, akaanza kunguruma kwa mdomo kama lori lenye mzigo. Akanguruma, akanyamaza, akanguruma tena. Watu walitoka mbio kila upande wakifuta midomo, na Mzee Luhende ndiye aliyefika wa kwanza. Mara hii Masanja alihesabu.

Geita

Baba Kulwa alikuwa ananisubiri kando ya barabara karibu na ukumbi, na suti yake. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameupa mgongo upande tunaotokea, simu sikioni, na simu yangu ilikuwa inaita. Nikapokea.

"Mko wapi?" akafoka. "Nimesimama hapa masikio yamenisimama, sisikii hata gari!"

Masanja alisimamisha basi nyuma yake kabisa. Nikashuka, simu bado iko sikioni, nikamgusa bega. Aliruka, jamani. Basi zima lilipiga makofi. Mzee Luhende alitoa kichwa dirishani, akamwambia, "Usijali, mwanangu, hata mimi lilinifanya hivyo hivyo."

Tukabeba maboksi. Baba Kulwa akayahesabu, akatazama tena ndani ya basi, akaniuliza la tatu liko wapi. Nikamwambia limeliwa. Akafungua mdomo, akanitazama usoni, akaufunga. Ndiyo maana niliolewa na mtu huyu. Doto nilimweleza chumbani kwa haraka huku nikimfuta machozi yasimharibie wanja. Alinikumbatia tu.

MC hakuambiwa. Keki ya maharusi ikakatwa, imeinama ua moja, hakuna aliyejua ila sisi. Wazazi wa Joshua wakaitwa, wakapokea yao kwa vigelegele. Kisha MC akaita kwa mbwembwe, "Wazazi wa bibi harusi!" Nilitamani sakafu ipasuke. Tukatembea mpaka mbele, na Doto na Joshua wakaja na sinia lililofunikwa kitambaa, wakapiga magoti, wakafunua. Tupu. Ukumbi ukanyamaza kuliko lile basi.

Doto akachukua kipaza sauti. "Baba, mama," akasema, "keki yenu ndiyo iliyoendesha basi." Akawasimulia kwa ufupi: mzee aliyeachwa, kofia ya pama, karasha. Kabla hajamaliza, watu walikuwa wanacheka na kugonga meza, na Baba Kulwa akalinyanyua lile sinia juu kama kombe la mashindano. Hapo ndipo mpiga picha alipotupiga, na hiyo ndiyo picha mliyo nayo.

Kilichofuata hakimo kwenye picha. Mama Joshua, mkwe mwenzangu, mama ambaye nilikuwa nimemwogopa wiki nzima, aliinuka kwenye kiti chake na keki yake mikononi. Alikuja taratibu mpaka tulipokuwa, akaomba kisu, akaikata katikati, na nusu akaiweka kwenye sinia letu. Kipaza sauti kilikuwa bado kiko karibu, kila mtu akamsikia.

"Mmetupa binti mzima," akasema. "Nusu keki itatushinda?"

Nililia hapo hapo mbele ya watu wote, na wanja wangu mwenyewe ukaharibika. Baba Kulwa alikuwa ameshachovya kidole kwenye krimu, anatafuta zabibu.